Maziwa Yaliyofika Kwenye Mstari

Chumba cha kukamulia kilikuwa nyuma ya wodi ya watoto njiti, mlango wa tatu baada ya stoo ya mashuka, na ukipita nje yake ungedhani ndani kuna watu wanapanga harusi. Viti vya plastiki kumi na viwili, sinki moja, meza ya bati yenye chupa kubwa ya maji ya moto ya chai, basi. Lakini kicheko kilichokuwa kikitoka humo, hata mlinzi wa getini alikuwa akiuliza, "Leo tena kuna nini?" Kicheko hicho kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa msusi.

Msusi asiye na mdomo hapati wateja. Miaka minane alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, mikono ikisuka na masikio yakivuna, akijua nani kaachika, nani karudiana, nani anajifanya hajui. Mimba yake ilipomkatikia njiani wiki ya thelathini, akajifungua binti wa gramu elfu moja mia mbili na themanini, mwenye mapaja membamba kama vidole vya baba yake. Siku mbili alilia. Siku ya tatu maziwa yakaja kwa fujo, na mdomo ukarudi pamoja nayo.

Akaanza kugawa majina. Mama wa mapacha akamwita Jozi. Muuguzi mkuu, mwanamke mpana mwenye kupima watoto kila siku saa moja asubuhi bila kuchelewa hata dakika, akawa Mama Mizani. Na yule mshonaji nguo wa kiti cha pembeni, binti mkimya ambaye kila akikamua alipata kiasi cha kulowesha chini ya kikombe tu, akampa jina la Matone.

"Jamani msimsumbue," alisema mbele ya wote, "mwenzenu anakamua manukato. Yanatosha kujipaka shingoni."

Watu walicheka hadi Jozi akamwaga yake. Matone naye alitabasamu kwa midomo tu, akarudi kwenye kazi yake.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Kila baada ya saa tatu, kina mama waliingia, wakanawa, wakakamua kwa mkono kwenye vikombe vyenye mistari ya kupimia. Kila mmoja alibandika plasta yenye namba ya kitanda cha mwanawe, akaweka kikombe kwenye sinia. Kisha Mama Mizani alikuja na mwenzake. Mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akiandika, ili wasikosee. Kwa hiyo kila mtu alisikia cha kila mtu.

"Kitanda cha pili, kumi na mbili."

Huyo Matone.

"Kitanda cha nne, arobaini na tano."

Hapo msusi alisimama, akainama kushoto na kulia kama bibi harusi. Wakamwita Kisima, na jina likamkaa. Mtoto wa Matone alikuwa akipewa ya mama yake kwanza, kisha akijaziwa kwa maziwa ya kopo ya watoto njiti, na msusi hakuliacha hilo lipite. "Yule wa kitanda cha pili ni ndugu yake kopo," alisema siku moja, akidhani Matone katoka. Matone alikuwa mlangoni, amesimama na taulo lake.

Mama mkwe wa msusi ndiye aliyezidisha. Mama huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba na tabia ya kusoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Kila siku saa sita mchana aliingia wodini, akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya mjukuu wake iliyotundikwa ubaoni. "Mkwe wangu," alisema, "mtaani nimewaambia. Nimewaambia yule si mama, ni kisima kweli. Mjumbe mwenyewe kanipa hongera."

Basi msusi akawa na umaarufu wa kulinda. Mtoto wake alihitaji mililita ishirini na sita kila mlo. Maziwa yalipofika kwenye mstari huo na kupita, alikuwa akiacha, anafunga nguo, anageukia umbeya. Wenzake walikuwa bado wameinama wakifinya mpaka tone la mwisho. Yeye ameshasimulia habari mbili na anaanza ya tatu. Hakujua kwamba titi likiachwa na maziwa hujiambia, huyu hahitaji mengi. Mama Mizani aliwahi kumwambia: "Kamua uishe, mdogo wangu." Akajibu, "Sista, mimi yangu hayaishi," na chumba kikacheka.

Siku ya kumi na tatu yakaisha.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani mpaka kwenye miguu ya viti. Alikamua kulia, akakamua kushoto, akarudi kulia. Kikombe kikagoma kwenye kumi na tano. Akafinya mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye korido ukasikika mgongano wa sinia. Mama Mizani anakuja.

Picha ikamjia yote kwa mpigo mmoja: sauti ikisoma "kitanda cha nne, kumi na tano", kisha kimya, kisha Jozi akisema kitu. Na Matone akinyanyua uso.

Chupa ya chai ilikuwa karibu na mkono wake. Kwenye kifuniko kulikuwa na maji ambayo mtu alikuwa ameyamimina akayasahau, yamepoa. Aligeukia ukutani kama mtu anayerekebisha kanga begani, akamimina. Kumi na tano ikawa ishirini na saba. Rangi ilipauka kidogo tu.

"Kitanda cha nne, ishirini na saba."

"Kisima kimepungua leo," Jozi alisema.

"Kisima kimechoka kuwanywesha wanga," alijibu, na watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Yalikuwa maji yaliyochemshwa. Hilo alijiambia mara nyingi sana siku zile. Yalikuwa safi. Na mtoto alikuwa anapata kipimo chake kamili, tumbo linajaa, analala. Ubaya uko wapi? Alijiambia ni leo tu, kesho maziwa yatarudi. Kesho hayakurudi. Mtu akidanganya kwa ishirini na saba, mlo unaofuata hawezi tena kusema kumi na nne.

Na kila asubuhi saa moja ukaja mzani.

Elfu moja mia tatu na kumi. Kesho yake, ileile. Kesho yake, elfu moja mia tatu na tano. Mama Mizani alimwondoa mtoto kwenye mzani, akamrudisha, kana kwamba kosa ni la mashine. Akachora kidoti kwenye karatasi, karibu na cha jana, kwenye usawa uleule. Mstari wa watoto wengine ulikuwa unapanda kama ngazi. Wa kitanda cha nne ulilala kama mtu aliyechoka.

"Elfu moja mia nne na kumi," alisomewa Matone. Mtoto wake alikuwa ameongeza gramu ishirini na tano kwa siku moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Msusi naye akapiga, lakini ulimi ulikuwa mzito mdomoni.

Jioni ile alimbeba binti yake kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyofundishwa. Kichwa kidogo kilikuwa chini ya kidevu chake, kimevishwa kofia ya sufu. Alihesabu mbavu bila kutaka. Mtoto alipiga miayo, mdomo ukatafuta kitu shingoni mwake, ukafyonza, ukaacha. "Umeshakula, mama," alimnong'oneza. "Umeshiba wewe." Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema uongo kwa mtu wa gramu elfu moja na mia tatu, akanyamaza.

Siku ya sita ya maji, daktari wa watoto alisimama kwenye kitanda cha nne muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa mwanamume mrefu wa maneno machache, anayeongea kama anayehesabu. Alisoma karatasi, akabonyeza tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akasikiliza kifua.

"Anatapika?"

"Hatapiki," alisema Mama Mizani.

"Homa?"

"Hana."

"Maziwa ya mama peke yake?"

"Ya mama peke yake. Ishirini na sita kila mlo, hajakosa hata mara moja."

Daktari akavua miwani. "Basi anakula vizuri na hakui. Hilo silipendi. Mtoto kama huyu chakula chake kinagawanywa: anapumua kwacho, anajipasha joto kwacho, na kinachobaki ndicho anachokulia. Kukua kunapewa makombo. Kama makombo hayapo, kuna kitu ndani kinamla. Maambukizi, huenda." Akaanza kuandika. "Simamisha maziwa. Mwekeeni dripu. Damu, na maji ya mgongo, vikapimwe. Tuanze dawa leo hii."

Msusi alikuwa kwenye kiti pembeni. Pembeni yake tena alikuwa Matone, mwanawe kifuani, na nyuma ya Matone Jozi na mapacha wake. Ilikuwa saa tano, wodi imejaa. Mtu wa maabara alikuja na sinia lenye sindano, akaufunua mguu wa mtoto, mguu wenye urefu wa kidole gumba chake, akaupangusa kwa pamba.

"Sista," alisema msusi.

"Subiri kidogo mama, tunamhudumia."

"Sista, ni maji."

"Maji gani?"

Mdomo wake, ule uliokuwa na jibu kwa kila mtu, ulifunguka na kufungika. Alitamani Mama Mizani amvute pembeni, amwingize ofisini, afunge mlango. Lakini mtu wa maabara alikuwa ameshika kisigino, na ofisi ilikuwa mbali.

"Hana ugonjwa. Nilikuwa naongeza maji. Kwenye maziwa. Ya chupa ya chai." Akaona hawajaelewa, ikambidi aseme tena, kwa sauti, wodi nzima ikisikia. "Maziwa yangu yamepungua. Nilikuwa najaza maji yafike kwenye mstari."

Mashine ya hewa ya kitanda cha sita iliendelea na pumzi zake. Angekuwa mtu mwingine amesema maneno yale, msusi angekuwa wa kwanza kumgeukia jirani kwa macho. Sasa alijua macho yale yalikuwa yanageukiana nyuma ya kisogo chake, na hakuhitaji kutazama.

"Kuanzia lini?" aliuliza daktari.

"Siku ya sita leo."

"Kiasi gani?"

"Karibu nusu. Siku nyingine karibu nusu."

Daktari alifuta mstari mmoja kwenye karatasi, kisha mwingine. "Dripu acha. Mgongo acha. Damu tutachukua, chumvi yake mwilini itakuwa imeshuka kwa maji hayo." Akamtazama msusi kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililomkata. "Umesema kwa wakati," alisema, akaenda kitanda cha tano.

Sindano ikaingia kisiginoni. Mtoto akalia, sauti nyembamba kama ya bawaba ya mlango, na mama yake akasimama hapo akiisikia mpaka ikaisha.

Mama Mizani alichukua kalamu. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Chini ya vile vidoti sita vilivyolala aliandika: *Maziwa yalichanganywa maji na mama, siku sita.* Kisha akamgeukia. "Ungeniambia tu yamepungua, mdogo wangu. Tungemjazia ya kopo siku hiyohiyo."

"Najua, Sista."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilimcheka mtu kwa hilo."

Saa sita mama mkwe akaingia, mkoba mkononi, akasalimia wodi, akaenda moja kwa moja ubaoni. Msusi alitaka kumwahi, akachelewa. Alimtazama akipandisha miwani, akisoma, akisogea karibu, akisoma tena.

"Nani ameandika huu uongo?" aliuliza mama mkwe.

"Si uongo, mama."

Mama mkwe akashusha miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. Alimtazama mjukuu, kisha mkwe, kisha mjukuu. Mkono wake ulipapasa kiti, akakaa.

"Mtaani nimeshasema," alisema.

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nimewasema mpaka watoto wa watu. Kwamba wa siku hizi hawana maziwa, wa kwangu anayo." Alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Basi nitakwenda kusema tena. Nilianza mimi kutangaza, nitamaliza mimi." Kisha, kwa sauti ya chini, akiwa hamtazami: "Na wewe kwa nini usiniambie? Mimi huyo baba yake nilimlea kwa uji. Sikumwambia mtu."

Mlo wa saa saba mchana msusi alisita mlangoni pa chumba cha kukamulia. Ndani kulikuwa na gumzo. Alipoingia likakatika kama redio iliyochomolewa.

"Karibu," alisema Jozi. "Chai ipo. Maji tumeyaficha."

Wawili walicheka, kisha wakaona haya wakaacha. Ulikuwa utani mzuri. Ungekuwa wake, angeurudia mara tatu. Alikwenda kwenye sinki, akanawa, akasugua mpaka kwenye viwiko, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa cha pembeni, karibu na Matone.

Walikamua bila kusema. Alipofika kumi na mbili, mazoea yakamnyanyua mkono aache.

"Bado," alisema Matone.

"Yamekwisha."

"Hayajaisha. Sogeza vidole nyuma, mbali na chuchu. Hapo. Bonyeza kuelekea mbavuni kwanza, ndipo ufinye. Usiburute." Akaonyesha kwake mwenyewe, polepole, kama anayemfundisha mtu kushika sindano. "Haya ya mwanzo mepesi. Haya ya mwisho, tazama."

Yakatoka machache, mazito, ya rangi ya siagi, yakateremka ukutani mwa kikombe bila haraka. Msusi aliyatazama. Siku zote zile hayo ndiyo aliyokuwa akiyaacha ndani, akikimbilia kusimulia.

"Hayo ndiyo yanayomnenepesha wa kwangu," alisema Matone. "Matone, ndiyo. Lakini yamo yote."

"Dada yangu," msusi alianza, macho kwenye kikombe, "lile jina nililokupa. Na lile la kopo. Sitakuita tena."

"Niite tu, nimeshalizoea." Matone alibandika plasta kwenye kikombe chake. "Ila sasa usije ukalichukua. Tafuta lako."

Sinia likapita. Mama Mizani akasoma, hakuongeza sauti wala hakupunguza.

"Kitanda cha nne, kumi na nne."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Siku mbili mzani haukusogea. Siku ya tatu ukaongeza gramu kumi na tano, ya nne ishirini na tano: maziwa ya mama kwanza yote, kisha ya kopo mpaka kwenye mstari. Vigelegele vilipigwa vya kawaida, naye alisimama nyuma ya wengine, si mbele kama zamani. Maziwa yake yalirudi kiasi, hayakurudi kuwa kisima. Jina lile nalo halikurudi. Kwa kweli wiki zote zilizobaki hawakumwita jina lolote, walisema "mama kitanda cha nne", na hakuomba jingine.

Walitoka hospitali mtoto ana gramu elfu mbili na mia moja. Karatasi ikakunjwa mara mbili, ikatiwa kwenye daftari la kliniki. Baba yake mtoto alikuwa ameshaambiwa yote, kwa maneno ya mkewe mwenyewe, naye akaenda kununua vikombe viwili vyenye mistari.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki ya karibu na kwao, yeye na mama mkwe. Muuguzi wa pale alikuwa msichana mgeni, hamjui mtu. Alifungua daftari, akaikunjua karatasi mezani, akafuata mstari kwa kalamu: unashuka, unapanda, kisha unalala. Mwandiko wa Mama Mizani ulikuwa umekunjika katikati, na wino umefifia pale karatasi ilipokunjwa. Haukusomeka vizuri.

"Hapa kulikuwa na nini?" aliuliza msichana. "Siku sita hizi. Mtoto aliumwa?"

Kwenye benchi nyuma yao kulikuwa na kina mama saba wakisubiri, watatu kati yao wateja wake wa nywele. Gumzo la benchi likatulia kidogo, kama linavyotulia mtu akiulizwa jambo. Mama mkwe, ambaye hakuna maandishi yaliyowahi kumpita, aligeuka akaanza kusoma kwa makini bango la ukutani.

Njia ya kutoka ilikuwa nyeupe mbele yake. Neno moja tu, "ndiyo", na kalamu ingeendelea na safari.

Binti yake aligeuza kichwa mikononi mwake, shavu likiwa na nyama sasa, akatafuta ziwa.

"Hakuumwa," alisema msusi. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Hapo nilimpa maji."